Jamaame: mji wa Mto Juba na ardhi yake

Jamaame ni mji mdogo wa wakulima ulio kando ya Mto Juba, katika mkoa wa Juba ya Chini, kusini mwa Somalia. Ukipima kwa mstari ulionyooka, uko kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Kismayo, na mstari wa Ikweta unapita kilomita chache tu kusini yake. Hauna bandari wala kiwanda kikubwa. Ni mji wa soko: watu wa vijiji vya mtoni huleta mahindi, ufuta, ndizi na maembe, wakarudi na chumvi, sukari, nguo na samaki wakavu kutoka pwani.

Kwa msomaji wa Kakuma, kuna jambo moja la kuweka wazi mapema. Ukitaja Juba hapa kambini, wengi hufikiria mji mkuu wa Sudan Kusini. Juba ya makala haya ni mto, na hauhusiani kabisa na mji huo. Wasomali huuandika Jubba, kwa b mbili.

Tumeandika makala haya kwa sababu kuna vijana wengi waliozaliwa Dadaab au Kakuma ambao karatasi za wazazi wao zinataja Jamaame, na wao wenyewe hawajawahi kuuona mji huo. Wapo pia wenyeji wanaoishi na familia hizi kwa zaidi ya miaka 30 na bado wanawajua kwa jina moja tu, "Wasomali Wabantu", bila kujua walitoka wapi na walikuwa wakifanya kazi gani. Wazee wa Jamaame ukiwauliza habari za nyumbani hawaanzi na vita. Wanaanza na shamba.

Mto na aina tatu za shamba

Mto Juba unaanzia katika milima ya kusini mwa Ethiopia. Vijito vyake vikubwa hukutana karibu na Doolow, mpakani, kisha mto unateremka kupitia Bardheere, Bu'aale na Jilib hadi Jamaame, na kuingia Bahari Hindi huko Goobweyn, kaskazini kidogo mwa Kismayo. Kwa hiyo mto unaweza kufurika Jamaame siku ambayo hakuna wingu hata moja angani, kwa sababu mvua ilinyesha Ethiopia siku nyingi kabla. Mkulima wa huko husikiliza habari za mvua ya mbali kama vile mvuvi anavyosikiliza upepo.

Mwaka una misimu minne. Gu ni mvua kubwa, kuanzia Aprili hadi Juni. Hagaa hufuata, na karibu na pwani huwa na manyunyu. Deyr ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi ndipo mto unapojaa zaidi. Kisha huja Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, wakati mto unapungua sana na maji ya chumvi ya bahari huingia mdomoni na kupanda juu.

Wakulima wa bonde hilo hutofautisha ardhi ya namna tatu, na mtu asiyezijua hawezi kuelewa ugomvi wa ardhi uliokuja baadaye. Jiimo ni ukingo wa mto wenyewe, ulio juu kidogo, penye udongo mzuri wa kupanda ndizi, mboga na miti ya matunda. Dhasheeg ni bonde dogo nyuma ya ukingo, ambalo mto ukifurika hujaa maji na kuyashikilia kwa majuma au miezi. Maji yakianza kukauka, watu hupanda mahindi, kunde na ufuta kwenye tope, wakifuata maji yanavyorudi nyuma, kuanzia pembeni hadi katikati. Doonk ni ardhi ya mbali na mto inayotegemea mvua peke yake.

Familia iliyojiweza ilikuwa na kipande katika kila aina. Mvua ikikosekana, dhasheeg inaokoa. Mafuriko yakizidi na kuozesha dhasheeg, doonk inaokoa. Hii ilikuwa bima yao, na ndiyo maana kumnyang'anya mkulima wa Juba kipande kimoja tu kulitosha kumwingiza katika njaa mwaka ambao majirani zake walivuna. Afisa aliyekuja kutoka mjini akaona dhasheeg imekauka na haijalimwa angeweza kusema ni ardhi tupu. Kumbe ilikuwa inangoja maji.

Nafaka ilihifadhiwa chini ya ardhi, katika mashimo yaitwayo bakaar. Chakula cha kila siku kilikuwa soor, yaani ugali wa mahindi, na muufo, mkate ambao Waswahili wa pwani huuita mkate wa mofa. Mtoni kulikuwa na viboko walioharibu mashamba usiku, na mamba. Kuchota maji ilikuwa kazi ya hatari, hasa kwa akina mama na watoto.

Mto na pwani vilihitajiana. Mdomo wa Juba una fungu la mchanga linalofanya iwe vigumu kwa vyombo kuingia, hivyo bandari ya bonde zima ilikuwa Kismayo. Huko waliishi Wabajuni, watu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, mabaharia na wavuvi ambao lugha yao, Kibajuni, ni mojawapo ya lahaja za Kiswahili za kaskazini. Mahindi ya mtoni yaliteremka, samaki na papa wakavu wakapanda. Mtu wa Jamaame aliyefika Kismayo mara nyingi alisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza sokoni. Au tuseme kwa wengine ilikuwa kukisikia tena, maana babu zao walitoka kwenye nchi zinazozungumza lugha zilizo jamaa na Kiswahili.

Waliofungua msitu

Katikati ya karne ya 19, kingo za Juba ya Chini zilikuwa msitu mnene. Wasomali waliuita Gosha, na waliohamia humo wakaitwa Wagosha. Wafugaji hawakupenda kuingia humo kwa sababu ya mbung'o, ambao waliua ng'ombe, na malaria, ambayo iliua watu. Ubaya huo wa msitu ndio uliowafaa watu waliokuwa wakikimbia.

Katika miaka ya 1830 ukame mkubwa uliikumba Uzigua, nchi ya Handeni katika mkoa wa Tanga wa leo. Wazigua wengi, kwa njaa, waliingia mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Simulizi za wazee zinasema waliahidiwa kazi na chakula, wakajikuta utumwani. Walipelekwa kwa majahazi hadi miji ya Benadir na kuuzwa kwa wenye mashamba ya nafaka kwenye bonde la Mto Shabelle. Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na wengine kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi za leo waliletwa kwa njia hiyo hiyo.

Wazigua wanamkumbuka mwanamke mmoja, Wanankhucha, mwenye maono, aliyewaongoza watu wake kutoroka. Nia yao ilikuwa kurudi nyumbani kwa miguu, kusini hadi Uzigua. Walifika Mto Juba na hapo safari ikasimama. Mbele yao kulikuwa na nchi kavu na wafugaji wenye silaha, nyuma mabwana waliokuwa wakiwatafuta. Wakaukata msitu na kupanda mahindi. Walowezi wa kwanza walifika karibu mwaka 1840, na kwa miaka 60 iliyofuata watoro na walioachwa huru waliendelea kuwafuata, hasa baada ya Waitaliano kulazimishwa na kashfa ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20 kuanza kuufuta utumwa wa Benadir.

Kwa lugha ya leo, Wanankhucha na watu wake walikuwa wakimbizi. Hawakuwa na kadi wala mgao. Walipata usalama kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka ardhi waliyokalia.

Wazigua walishika vijiji vyao, kati ya Jamaame na Jilib, wakaendelea kuzungumza Kizigula hadi leo. Waliokuja baadaye walichanganyika zaidi, wakachukua Kisomali, hasa Maay, na wengi wakajiunga na koo za Kisomali kama watu walio chini ya himaya yao. Wote wakawa Waislamu. Kiongozi aliyejulikana zaidi mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa Nassib Bundo, mtu wa asili ya Kiyao, aliyeitwa Sultani wa Gosha na kuviunganisha vijiji vingi dhidi ya mashambulizi ya wafugaji. Waitaliano walimfunga, naye akafia gerezani mwanzoni mwa karne ya 20.

Wageni wengine walipita. Mwaka 1865 mpelelezi wa Kijerumani Karl Klaus von der Decken alipanda mto kwa meli ya mvuke, meli ikaharibika juu ya Bardheere na yeye akauawa. Mwaka 1875 jeshi la Misri lilitua Kismayo na kutuma watu mtoni, kisha likaondoka baada ya miezi michache. Mambo hayo yamejaa katika vitabu vya Wazungu kuliko yalivyogusa maisha ya wakulima.

Kingo mbili, watawala wawili

Wakenya wengi hawajui kwamba Kismayo iliwahi kuwa chini ya serikali moja na Garissa. Tangu 1895 hadi 1925, mpaka kati ya eneo la Waingereza na la Waitaliano ulikuwa Mto Juba wenyewe. Ukingo wa magharibi, pamoja na Kismayo na Goobweyn, ulikuwa jimbo la Jubaland na ulitawaliwa kutoka Mombasa, baadaye Nairobi. Ukingo wa mashariki, upande wa Jamaame, ulikuwa wa Italia. Mtu akivuka kwa mtumbwi kwenda kumwona shemeji yake alibadilisha serikali. Mwaka 1925 Uingereza iliipa Italia Jubaland, na mpaka ukasogezwa magharibi hadi ulipo sasa.

Waitaliano waliiita Jamaame kwa jina la Margherita. Udongo wa kingo uliwavutia, wakafungua mashamba makubwa ya pamba na hasa ndizi, zilizosafirishwa hadi Italia. Ardhi waliyochukua ilikuwa jiimo, ile bora, karibu na maji. Hiyo ndiyo mara ya kwanza wakulima wa Gosha kupoteza ardhi waliyoifyeka wao.

Ardhi bila wafanyakazi haikuwa na faida, na wakulima waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kulima ya mwingine. Basi katika miaka ya 1930 serikali ya Kifashisti ililazimisha. Vijiji vilitakiwa kutoa watu, na familia nzima zikahamishiwa mashambani kulima chini ya wasimamizi. Wazee waliita mfumo huo kolonya, na neno hilo lilibaki kama neno la uchungu kwa vizazi viwili. Wajukuu wa watu waliotoroka utumwa walishurutishwa kulima ardhi ya babu zao kwa ajili ya mtu mwingine. Hali hiyo ilidumu hadi Februari 1941, majeshi ya Uingereza kutoka Kenya, wakiwemo askari wa KAR, yalipoivuka Juba na kuwaondoa Waitaliano.

Ndizi zilibaki. Baada ya uhuru wa 1960 ziliendelea kuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Somalia za kuuza nje, na za Juba zilipakiwa Kismayo. Watu wa umri fulani kutoka Jamaame bado hujisifu kwamba mji wao ulilisha Italia ndizi. Ni kweli, ingawa faida haikukaa Jamaame.

Sheria ya 1975

Mara ya pili ardhi iliondoka kwa karatasi. Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre ilipitisha sheria iliyoifanya ardhi yote ya Somalia kuwa mali ya dola. Mtu angeweza kuitumia kihalali kama tu ameiandikisha na kupewa hati ya kukodi kwa muda. Kuandikisha kulihitaji safari, ada, kujua kusoma na kumjua mtu ofisini. Mkulima wa kijiji cha Juba mara nyingi hakuwa na hata kimoja. Sheria pia ilijengwa juu ya dhana kwamba familia moja ina shamba moja, ilhali tumeona kwamba mkulima wa huko aliishi kwa kuwa na vipande vitatu.

Wale waliojua njia za ofisi, wakiwemo maafisa na wafanyabiashara wa Mogadishu na Kismayo, walijiandikishia ardhi ambayo tayari ilikuwa inalimwa. Mkulima angeamka na kukuta mtu mwenye hati amekuja kumwambia kwamba kuanzia leo yeye ni kibarua. Miradi mikubwa ya serikali ilichukua sehemu nyingine. Karibu na Jilib kulikuwa na shamba la miwa na kiwanda cha sukari cha Mareerey. Karibu na Jamaame ulianzishwa mradi wa umwagiliaji wa Mogambo katika miaka ya 1980. Miradi hii ilileta kazi na pampu na barabara, hilo lisemwe. Lakini dhasheeg zilizozungushiwa mifereji hazikuwa tena za wenyewe.

Hadi leo ukimuuliza mtu wa Jamaame kama ana hati ya shamba, mara nyingi jibu ni hapana. Mipaka ya shamba lake ilikuwa mwembe uliopandwa na bibi yake, mfereji mdogo, na majirani walioshuhudia. Majirani hao sasa wametawanyika, wengine Dadaab na wengine Ohio.

1991 na kukimbia

Siad Barre alianguka Januari 1991. Bonde la Juba likawa uwanja ambao makundi yenye silaha yalipita na kurudi mara kadhaa kati ya Mogadishu na Kismayo. Kila lililopita lilihitaji chakula, na chakula kilikuwa katika mashimo ya wakulima. Bakaar zilifukuliwa, mbegu zikaliwa, pampu zikang'olewa na kuuzwa. Wanaume waliuawa wakijaribu kuzuia na wanawake wakadhulumiwa.

Wakulima hawa walishambuliwa kirahisi kwa sababu hawakuwa na silaha wala ukoo wenye nguvu wa kuwalipia kisasi. Walihesabiwa kuwa "jareer", watu wa nywele ngumu, na kuitwa majina ya utumwa ambayo baadhi ya wasomaji wetu bado huyasikia kwenye foleni za maji humu kambini. Njaa ya 1992 ilipokuja, ilikadiriwa kuua zaidi ya watu laki mbili kusini mwa Somalia. Wakulima wa kati ya mito miwili, waliokuwa wakiwalisha wengine, walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa wingi.

Waliobaki hai walikimbia kwa njia mbili. Kwa nchi kavu walitembea hadi mpakani Liboi na kufikia kambi za Dadaab: Ifo iliyofunguliwa 1991, Hagadera na Dagahaley mwaka uliofuata. Kwa bahari walipanda majahazi kutoka Kismayo pamoja na Wabajuni na watu wa Barawa hadi pwani ya Kenya, ambako kulikuwa na kambi za Utange, Jomvu, Marafa na nyingine. Kambi za pwani zilifungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na wakazi wengi wakahamishiwa Dadaab na Kakuma.

Katika Dadaab watu wa Juba walijulikana kwa kazi za mikono. Walijenga nyumba, walichimba vyoo, na walipanda mboga kwa maji yanayomwagika kwenye bomba. Wengi waliwekwa kwenye bloku za pembezoni, ambako majambazi waliingia usiku.

Waliorudi Handeni

Kundi moja lilifanya jambo ambalo Wanankhucha hakuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wazigua wa Juba walipanda vyombo na kuendelea kusini hadi Tanzania, wakaomba hifadhi katika nchi ya mababu zao. Waliwekwa Mkuyu, wilaya ya Handeni. Baada ya karibu miaka 150, wenyeji na wageni waligundua kwamba wanasikilizana: Kizigula cha Juba na Kizigua cha Handeni vilikuwa bado lugha moja, licha ya maneno ya Kisomali yaliyoingia kimoja na ya Kiswahili yaliyoingia kingine. Baadaye walihamishiwa makazi ya Chogo, huko huko Handeni, wakapewa viwanja vya kulima, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania.

Si wote waliotaka kwenda Tanzania walioweza. Maombi ya kuwapokea watu wengi zaidi kutoka Dadaab yalikwama, hasa baada ya wimbi la wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Msumbiji nayo ilifikiriwa mwaka 1997, ikashindwa kuwachukua. Ndipo mwaka 1999 Marekani ilipokubali kuwachukua kama kundi. Mwaka 2002 watu wapatao 12,000 walisafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, kwa kuwa maafisa wa Marekani waliona Dadaab si salama kwa mahojiano. Wa kwanza waliruka mwaka 2003. Leo kuna watu wa Jamaame na Jilib huko Columbus katika Ohio, Lewiston katika Maine, Burlington katika Vermont na miji mingine, na baadhi yao wamekodi mashamba ya pamoja wanakolima mahindi na mboga katika kiangazi kifupi cha huko.

Waliokosa kuwa kwenye orodha ile, kwa sababu walichelewa, au jina lilikosewa, au familia iligawanyika siku ya kuhesabiwa, wengi bado wako Kenya. Hilo ni donda kwa familia nyingi na hatulitajii hapa ili kulitonesha. Linaeleza kwa nini ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na maisha tofauti hivyo.

Hali tangu 2008

Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 1997 yalifunika vijiji vya bonde zima na kuua watu wengi. Al-Shabaab waliiteka Kismayo Agosti 2008 na bonde la Juba ya Chini likawa mikononi mwao. Njaa ilitangazwa tena kusini mwa Somalia mwaka 2011, na idadi ya watu Dadaab ikapita laki nne. Mwaka 2012 majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali waliichukua Kismayo. Serikali ya jimbo la Jubaland iliundwa 2013, makao yake yakiwa mji huo.

Jamaame haikufuata Kismayo. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mji na vijiji vyake viliendelea kuwa upande wa al-Shabaab, ambao walitoza ushuru wa mavuno na kuwachukua vijana. Mashirika ya misaada hayakuweza kufika kwa uhuru. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana tangu mwishoni mwa 2020, na mafuriko ya El Niño yalipokuja Novemba 2023, watu wa huko walikuwa miongoni mwa waliofikiwa kwa shida zaidi.

Hapa ndipo habari za kurudi zinapogongana na hali halisi. Mnamo Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR walitia saini makubaliano ya pande tatu ya kurudi kwa hiari. Zaidi ya watu 80,000 walirudi kutoka Kenya katika miaka iliyofuata, na wengi wao walipelekwa Kismayo. Kwenye takwimu, mtu wa Jamaame aliyeshuka Kismayo amehesabiwa kuwa amerudi. Lakini yeye mwenyewe amebaki kwenye makazi ya waliohama, au katika mtaa kama Midnimo uliojengwa kwa ajili ya waliorudi na waliopoteza makwao, akitafuta kibarua bandarini au kwenye ujenzi. Baadhi wamerudi tena Dadaab, na wengine hawakupata kusajiliwa upya.

Hata usalama ukipatikana kesho, swali la ardhi halijajibiwa. Kipande kimoja cha jiimo kinaweza kudaiwa na familia iliyokifyeka, na mwenye hati ya miaka ya 1980, na mtu aliyekishika kwa bunduki mwaka 1991, ambayo ndiyo mara ya tatu, na familia iliyokuta kiko wazi ikakilima kwa miaka 20 kwa nia njema. Kila mmoja ana mashahidi. Jubaland ina mahakama na wazee wa upatanishi, lakini wazee hao hutoka zaidi katika koo kubwa, na mkulima wa Gosha huingia kwenye kikao hicho akiwa mdogo tangu mlangoni.

Familia chache kambini zimeanza kuandika wanachokumbuka: jina la kijiji, jina la dhasheeg, aliyepakana nao kila upande, miti iliyokuwepo, mwaka walioondoka. Wengine wanarekodi sauti za wazee kwenye simu. Karatasi kama hiyo haina muhuri wa serikali, ila mzee akishafariki hakuna pengine pa kuipata habari hiyo.

Kuhusu jina kwenye fomu

Mji huu huandikwa kwa namna nyingi: Jamaame, Jamame, Jamaama, Giamama kwa Kiitaliano, na Margherita katika hati za zamani. Zote ni mahali pamoja. Jilib nayo huonekana kama Gelib, Goobweyn kama Gobwen au Gobuen, na Kismayo kama Kisimayu au Chisimaio. Ikiwa karatasi yako ya usajili ina tahajia moja na cheti cha mtoto kina nyingine, mweleze karani mapema kwamba ni mji mmoja, na omba iandikwe kwa tahajia iliyo kwenye usajili wako wa kwanza. Wengine walizaliwa vijijini, wakaandikiwa Jamaame kwa sababu ndiyo wilaya. Kwa hao, inafaa jina la kijiji liongezwe kwenye faili, maana kwenye madai ya shamba kitakachoulizwa kwanza ni kijiji.